Dalali Aliyekosekana Kwenye Damu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu aling'olewa jino sokoni Pap Onditi kwa nusu bei, kisha akanipigia simu kujisifu.

"Nyamera, dada yangu, yule mzee nimemshusha mpaka akaomba maji!"

Miaka yote nimemfundisha kubishana bei, naye siku ya kufuzu akachagua jino. Nilikuwa ufuoni Dunga nikiparua samaki, ngege wa ziwani. Nikaketi kwenye ndoo.

"Damu imesimama?"

"Kitambo! Mbona unauliza kama polisi?"

Hilo ndilo linalochosha. Damu yake husimama mwanzoni kama ya mtu yeyote, halafu baada ya saa chache huanza upya, na hapo haisikii la mtu. Alizaliwa hivyo. Mjomba wetu, kaka yake mama, aliondolewa meno sita ya chini ujanani, kama Waluo walivyofanya zamani, akavuja damu hadi akafa. Jirani akasingiziwa uchawi, akahama. Jina la ugonjwa huo wa damu kutoganda tulikuja kuambiwa baadaye sana, wakati goti la huyu mdogo wangu lilipovimba kama papai.

Alasiri tulikuwa hospitalini Kisumu, yeye na kikopo cha kutemea damu, mimi na harufu yangu ya samaki. Daktari, mama mmoja aliyechoka kunishinda, akasema angependa kumpa chupa mbili za dawa, ila kwenye friji imebaki moja.

"Moja itatosha?"

"Pengine."

"Pengine ya kweli ama ya kunituliza?"

"Ya kweli, mama."

Nikaichungulia. Unga mweupe, haujai kijiko. Nikauliza kaunga hako katafanya nini kwa mwanaume mzima.

Akaeleza huku akiuchanganya na maji. Kimeng'enya cha kugandisha damu mdogo wangu anacho, na kile kinachopaswa kukatwa na kimeng'enya hicho pia anacho. Lakini vikielea tu kwenye damu, hukutana kwa bahati. Mtu akiumia, chembe ndogo za damu hurundikana kwenye kidonda na kugeuza utando wake, mafuta ya ndani yakatokea nje, kama gunia lililopinduliwa. Vyote viwili hunata hapo, kwa msaada wa kalsiamu. Hata hivyo kazi husuasua mpaka ije protini msaidizi, ikishike kimeng'enya na kukielekeza vizuri. Ikifika, kazi hukimbia maelfu kwa maelfu ya mara. Hiyo ndiyo mdogo wangu hana, na ndiyo iliyo kwenye chupa.

"Basi ni Dunga," nikasema. "Mwenye samaki yupo, mnunuzi yupo. Wakitafutana ziwa zima, samaki wataoza. Ndiyo maana kuna meza pale ufuoni, kila mtu aje hapo. Lakini meza bila dalali, watu wanatazamana tu."

Daktari akacheka kidogo. "Na dalali huyu hakati kitu mwenyewe. Anamfanya mwingine akate haraka."

"Namjua. Na akishalipwa?"

"Hakai. Kesho saa kama hizi wengi watakuwa wameondoka. Ndiyo maana nilitaka chupa mbili."

Nilikuwa nimezoea kusikia bei za kupunguzwa. Hii haikuwa na pa kubishania. Akamchoma sindano, akampa na vidonge vya kulinda donge la damu lisiyeyuke.

Tukangoja. Mate yakatoka mekundu, kisha mekundu tena, kisha ya waridi. Mdogo wangu akaanza kunieleza upya jinsi alivyomshusha yule mzee.

"Funga mdomo."

"Lakini nyamera, nili—"

"Donge likitoka, hakuna dalali mwingine kwenye friji. Na ulimi wako uuondoe hapo, nauona."

Akafunga mdomo. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye kizingiti cha dirisha daktari aliporudi na tochi. Penye jino palikuwa na kitu cheusi kama kipande cha ini, kimetulia.

"Donge limeshika," akasema.

Nikachukua kikopo, nikakiinamisha kwenye mwanga. Mate matupu. Nikakiinamisha tena. Matupu. Nikaegemea ukuta, na kwa uchovu sikukumbuka hata kushukuru.