Pikapu ya Karoti Iliyozimikia Tambarare

Jamani, juzi nilipiga vigelegele mpaka ushungi ukanianguka! Jirani yangu alikuwa akishusha Mombo karoti zake za msimu mzima kwa pikapu yake kuukuu, nami nimekaa mbele. Lori la Dar lilikuwa likimsubiri, na lisingemsubiri sana. Chini ya mlima akasimama msikitini kuswali adhuhuri, akazima injini. Kurudi, anawasha, kimya.

"Bibi, betri nimenunua mpya!" akalia.

Sisi wa milimani huegesha gari mtelemkoni. Ukiachia breki linateremka, linawaka lenyewe. Basi ugonjwa wake nani angeujua? Hapo palikuwa tambarare.

Waumini wakatusukuma, ikawaka. Mmoja wao, fundi, akapaza sauti: "Usizime! Washa taa, kanyaga mafuta!"

Injini ikanguruma, lakini taa zikabaki hafifu kama macho ya mgonjwa.

"Betri nzima, ila haichajiwi," akasema fundi. "Ona mkanda wa alteneta inayoichaji ulivyolegea."

Jirani akazima, fundi akaukaza, wakatusukuma tena. Weee! Taa zikang'aa mchana kweupe!

Tulipofika sokoni, lori lilishaanza kuondoka. Jirani akabonyeza honi, ambayo ilikuwa bubu tangu masika. Ikalia mpaka mbuzi wakatawanyika, na lori likasimama.

"Mzee, tumekusikia, acha honi!" wapakiaji wakamwambia.

Hakuacha mpaka gunia la mwisho lilipopanda. Nami sikumkataza. Gari lililokaa bubu muda wote ule, nalo lina haki ya kusema.