Mama Mkwe Aliyepelekwa Kuona Tembo Akajifunika Khanga

Tembo kumi na tisa walikatiza barabara mbele ya gari letu, Mkomazi, saa tatu asubuhi. Na mtu ambaye safari nzima ilipangwa kwa ajili yake alikuwa amejifunika khanga gubigubi, kichwa mpaka magoti.

Hakuchungulia. Hakuuliza. Alikaa tu kama mtu anayepiga nyungu.

Miaka tisa nimefanya kazi ya kupanga safari za kuona wanyama. Nimeona watu wakitapika, wakiachana, wakikoroma simba akiwa hatua kumi. Ya kulipiwa hifadhi tatu halafu ukajifunika, hiyo sijawahi.

Ngoja niwape tangu mwanzo. Mkinicheka mwishoni, nimestahili.

Naitwa Munira. Ofisi yangu ipo Manundu, Korogwe, chumba kimoja kati ya saluni na fundi viatu. Miaka sita ya hiyo tisa nilikuwa Arusha, kwa hiyo nilirudi nyumbani pua juu. Mtu akisema "mbuga" namrekebisha, "hifadhi". Nilikuwa mtu wa hivyo.

Mwezi wa kumi akaingia Mdoe.

Mdoe mnamjua hata kama hamjawahi kumwona. Ana duka la bati na saruji, na anajimwambafai mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Ni yule jamaa anayekwenda msibani akaegesha gari pale pale jeneza linapotakiwa kupita.

"Dada Munira, nataka hifadhi tatu, siku tano. Mimi, mke wangu Hamisa, na mama mkwe."

"Lini?"

"Ule msimu wenu wa bei kushuka."

Kwenye kazi yetu kuna msimu wa katikati. Wageni wa kiangazi wameshaondoka, mvua za vuli hazijakolea. Mwanzoni mwa Novemba, kambi ziko tupu na bei imelala. Ukipanga vizuri, wanyama bado wamebanana kwenye maji. Ukipanga ovyo, unakwama kwenye tope siku mbili na kurudi na picha za ndege.

Mimi naupenda msimu huo kwa sababu unataka akili. Mdoe aliupenda kwa sababu angetangaza amekwenda, bila kutaja mwezi.

Nikampangia. Saadani kwanza, maana mvua ikianza barabara yake ndiyo hufa mapema. Kisha tulale Same, tuingie Mkomazi asubuhi. Tarangire mwisho, kwa sababu ule mto tembo huung'ang'ania mpaka mvua iwafukuze.

"Na magari mawili," nikamwambia.

"Mawili ya nini?"

"Mdoe, wewe Mzigua. Mkwe na mama mkwe hawali sahani moja. Wazee wetu wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Utakaa naye gari moja siku tano?"

Akacheka. "Hayo ya kale. Mama tunakula naye meza moja, mwaka wa kumi na moja huu. Mama wa kisasa yule."

Sikumwamini. Mtu anayebania gari la pili atasema lolote.

Halafu akavuta kiti, akashusha sauti.

"Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, niwekee nafasi. Mazungumzo ya familia."

"Yanahusu nini?"

Yalihusu shamba. Mama mkwe wake, Bi Chausiku wa Chanika kule Handeni, ana ekari sita Makuyuni ya Korogwe, zinagusa lami. Alirithi kwa mama yake. Mdoe alitaka ajenge kambi ya watalii wanaopita kwenda Mkomazi, na shamba liandikwe jina lake yeye. Kaka zake mama mkwe walishamkatalia mara mbili. Sasa akapiga hesabu nyingine: ampate mama peke yake, mbali na ndugu, ameshiba, ameona tembo, moyo umelainika. Hapo amtolee karatasi aweke dole gumba.

"Atakataaje," akasema, "na mimi ndiye nimemwonyesha dunia?"

Mke wake hakuambiwa. Angeharibu, eti.

Nilimdharau mpaka meno yakaniuma. Mtu mzima, na midevu yake, anamtegea mjane mtego wa twiga na tembo.

Kisha akasema kambi ikisimama, meneja ni mimi.

Nikafungua kompyuta, nikaandika kwenye ratiba: Siku ya nne, saa saba mchana, mazungumzo ya familia na karatasi za shamba la Makuyuni.

Niliandika hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa utaratibu, kila msafiri kwangu anapata ratiba kamili, yenye picha za rangi. Mdoe alichukua yake na ya Hamisa, akazitia mfukoni bila kuzisoma, na ya Hamisa haikufika.

Siku mbili kabla ya kuondoka nikaenda Chanika. Bi Chausiku nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Mdogo wa umbo, mkavu, miguu peku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa kwa nani wewe?"

"Kwa Mhina, wa Manundu."

"Aa. Karibu kigoda."

Nikampa ratiba yake, nikaanza kumfundisha. Kwa sauti ya juu, kama vile uzee ni uziwi.

"Huyu ni twiga, bibi. Ana shingo ndefu."

"Eee."

"Na huyu ni tembo. Ni mnyama mkubwa sana."

Akaisogeza ile picha machoni. "Mwaka juzi walikuja kundi, wakala mahindi yangu yote. Sijui kama huyu alikuwemo."

Nikacheka kwa adabu. Akaikunja karatasi akaitia kwenye mkunjo wa khanga. Nikajisemea kimoyomoyo, maskini, kapenda picha.

Asubuhi ya safari Mdoe alitokea amevaa suruali ya mifuko kumi na miwili na kofia yenye pazia la shingoni. Bado tuko Handeni mjini. Mnyama wa karibu alikuwa mbuzi wa jirani.

Akatoka Bi Chausiku. Amejifunika, haonekani hata pua.

Hamisa akashtuka. "Mama, vipi? Unaumwa?"

"Mkwe wangu yupo," ikajibu khanga.

"Mama! Juzi si mlikula naye ugali hapa hapa?"

"Hapa ni nyumbani. Safarini mtu anashika heshima."

Mdoe alibaki kaganda, mkono kwenye mlango wa gari. Nikamtazama, sikuficha. "Magari mawili," nikamkumbusha.

"Atazoea," akasema.

Hakuzoea.

Mama mkwe akishajifunika, mkwe hamsemeshi. Neno linapita kwa mtu wa tatu. Basi mimi, mpangaji niliyesomea, nikageuka bomba la maneno.

"Munira, mwambie mama aangalie nyati."

"Bibi, mkwe anasema uangalie nyati."

"Mwambie nimeshukuru."

Na khanga haisogei.

Akila, alikwenda nyuma ya gari, akatupa mgongo. Mdoe akijipiga picha za stetasi, kila picha nyuma yake kuna kitu kimekaa kama gunia la mkaa. Marafiki zake wakaanza kumuuliza amebeba nini.

Saadani mvua ilipiga robo saa tu, ule udongo mweusi ukakamata matairi. Awadhi, dereva wangu, akasema, "Bosi, shuka tusukume." Mdoe akasukuma. Gari likachomoka, yeye akabaki kifudifudi kwenye tope, kofia imezama.

Ndani ya khanga mabega yakawa yanatikisika. Nikajua bibi analia kwa hofu.

"Usiogope, bibi, tumeshatoka."

"Siogopi," akasema, na sauti ikamkatika.

Nikamhurumia kwa ile huruma ya juu juu, ambayo ni dharau iliyovaa nguo nzuri. Nikasema huyu mama mila imemla. Kapewa dunia, kachagua kitambaa.

Halafu ndiyo Mkomazi, na wale tembo.

Mdoe alipagawa. Akasahau bomba la maneno. "Mama! Tembo hao! Mama, funua basi, mara moja tu!"

Awadhi alizima injini. Tembo wakapita taratibu, Awadhi akiwahesabu kwa sauti mpaka kumi na tisa, na vumbi lao jekundu likaingia mpaka ndani.

Nilielewa kwa nini jamaa anatoka jasho. Asipoona tembo, hana la kumshukuru mkwe. Asiposhukuru, karatasi inaombwa kwa lipi?

Siku ya nne, Tarangire. Tulikula juu ya mto, mahali nilipopachagua mwenyewe: kivuli, upepo, pundamilia wanakunywa kule chini. Saa saba ikafika. Bi Chausiku alikuwa kwenye mkeka, ametupa mgongo kama kawaida yake.

Mdoe akakohoa, akatoa bahasha.

"Munira, mwambie mama nina jambo."

"Bibi, mkwe ana jambo."

"Mwambie mambo ya mkwe na mkwe wanaongea wazee wa ukoo, wakiwepo."

"Mwambie ni dogo tu. Aweke dole gumba, tuendelee na starehe."

Hamisa akaacha kutafuna. "Dole gumba la nini?"

Mimi nilikuwepo, nilijua ni la nini, na nilinyamaza. Nikachukua ile karatasi pamoja na kidau cha wino, nikampelekea bibi. Mguu wangu ndio ulimpelekea.

Mkono ukatoka chini ya khanga. Ukachukua karatasi. Kidau ukakirudisha.

"Niletee kalamu," akasema.

Karatasi ikaingia ndani. Tukasikia kalamu inakwaruza, kwa muda mrefu kuliko wa kuandika jina la mtu. Mdoe akaanza kutabasamu, kanikonyeza.

Mkono ukatoka tena. Nikaipokea. Chini, mahali pa sahihi, kulikuwa na mwandiko uliolala vizuri, wa mtu aliyeshika chaki miaka mingi:

"Tembo nimewaona, ishirini na mbili, wakiwemo watoto watatu mliowaruka kwa sababu walifichwa na mama zao. Nashukuru kwa safari. Shamba sitoi. Chausiku."

Hamisa akaninyang'anya karatasi, akasoma upande wa juu uliochapwa. Akasoma mara mbili.

"Mdoe," akasema, "ulinidanganya kwamba unamleta mama kupumzika."

Jamaa angefoka, lakini unamfokea nani? Mama mkwe aliyejifunika huwezi kumfokea, hata ukiwa Mdoe. Alibaki anaangalia pundamilia kana kwamba amewalipia yeye.

Mimi nilikuwa nacheka ndani kwa ndani. Nikasema leo kapatikana.

Kesho yake asubuhi, nikafunga mizigo hemani pamoja na bibi. Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo alikuwa amejifunua. Nikamuuliza aliwaonaje tembo.

"Khanga imefuliwa miaka minane hii. Naona vizuri kuliko kwa miwani."

"Na kusoma, bibi?"

"Nimefundisha kisomo cha watu wazima tangu mwaka sabini na nne. Nusu ya wazee wa Handeni walioshika kalamu, mimi ndiye niliyewashikisha. Mkwe wangu hajawahi kuuliza."

Nikakumbuka twiga ana shingo ndefu.

"Sasa ulijuaje mpango wa Mdoe?"

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza jibu lililoko ubaoni.

"Wewe si uliniletea? Siku ya nne, saa saba. Nilisoma ulipotoka tu langoni kwangu. Nikajiuliza nikatae safari? Nikasema hapana, tembo nitawaona, ila yule asipate mdomo wa kunisemesha. Mkwe nilikuwa nakula naye mezani kwa sababu nilimwona mwanangu. Amejirudisha mwenyewe kuwa mkwe."

Nilisikia raha kwa niaba yake, kweli tupu. Nikasema, "Umemweza, bibi. Mimi tangu mwanzo nilimchora, nikamdharau sana."

Akasita kukunja shuka.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Alinieleza ofisini."

"Na ukaniletea picha ya twiga."

Nikajifanya natafuta zipu ya begi.

"Alikuahidi nini?"

Ningedanganya, lakini kwa macho yale sikuweza. "Umeneja wa kambi. Itakayojengwa pale shambani."

Alimaliza kukunja shuka, akajifunika, akatoka.

Tukageuza kurudi nyumbani. Tulipita Same, tukapita Mkumbara, tukapita mbele ya lile shamba la Makuyuni na Mdoe akajifanya amelala. Korogwe alishuka peke yake. Hamisa alibaki garini, akasema anampeleka mama yake, na siku ya kurudi haijui.

Tukaingia barabara ya Handeni. Joto lilikuwa kali, na Bi Chausiku bado yumo ndani ya khanga.

Awadhi, kwa wema wake, akageuza shingo. "Bibi, mkwe ameshashuka. Funua upate hewa."

"Bado kuna mtu," akasema.

Awadhi akahesabu waliobaki, akakutana na macho yangu kwenye kioo. Aliyarudisha barabarani haraka.

Mpaka Chanika hakufunua. Alishuka hivyo hivyo, Hamisa amemshika mkono, akaingia ndani kwake, na mlango ukafungwa. Nilisema kwaheri nikiangalia mbao.

Mnataka funzo? Nilimdharau Mdoe kwa hila zake, nikamdharau bibi kwa khanga yake, na katika watu watano wa gari lile, mimi ndiye niliyejua mtego nikausaidia huku najiona msafi kwa sababu tu nilikuwa namcheka mwenye mtego. Kumcheka mwovu moyoni siyo kumkatalia. Nilipaswa kusema neno moja tu pale uani kwenye mbaazi, na sikulisema.

Ofisi bado ipo Manundu. Juzi nimemtumia bibi salamu kwa Awadhi. Amerudi, ameniambia zimepokelewa, hazikujibiwa.