Mkono wa Ludmila kwenye Bango

Mimi nilichora vichwa, Otto Havelka alichora miili. Ndivyo karakana yetu ya mabango ya sinema pale Manhattan ilivyoendeshwa: mikataba ya mastaa ilitaja mpaka ukubwa wa nyuso zao, basi nyuso zikawa na mtu wake, na kuanzia shingo kushuka chini hakuna aliyejali. Jina hakuandika mtu. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Otto lilimfaa, maana kazi ile aliionea haya. Haya ninayoyasimulia aliniambia mwenyewe, siku nilipomtania kwa nini wanawake wote wa mabango yake sasa wanavaa glavu ndefu hadi kwenye kiwiko.

Otto alisomea uchoraji hasa. Alipokwenda kumposa Ludmila, kwa Wacheki wenzake wa mtaa wa Astoria, baba mtu alimuuliza anachora nini. Mzee Vavra alikuwa seremala na mtu wa kanisa. Otto akajibu kwamba anachora watakatifu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliitembea miaka, akila bata wa Jumapili mezani kwa mkwewe na kupongezwa kwa malaika ambao hakuwahi kuwachora.

Kampuni za sinema zilituletea picha za nyuso tu. Miili Otto aliitoa jikoni kwake. Ludmila alisimama na aproni yake, kijiti cha kusukumia unga kikiwa ndiyo bastola, na gauni la hariri linaloteleza begani mumewe akalitunga kichwani. Walicheka sana. Lakini Otto alikuwa na ugonjwa wa waliosomea: alichora alichokiona. Safari moja akalichora na kovu la moto kwenye mkono wa mkewe. Mimi nikaweka kichwa cha staa, wala sikutazama chini ya kidevu. Haikuwa kazi yangu.

Bango likatundikwa kwenye sinema ya Astoria, njia ya watu wanaotoka misa. Mwanamke kajilaza kwenye kochi, bega wazi, mkono unaning'inia. Mzee Vavra akasimama. Kovu lile alilipaka dawa yeye mwenyewe, Ludmila alipokuwa mtoto.

Mezani, kabla hajagusa chakula, akamuuliza bintiye ni mwanamume gani aliyemlaza vile akamchora.

"Muulize Otto," Ludmila akasema, akitabasamu. Alikuwa akimpa mumewe nafasi, maskini.

Otto akawakumbuka watakatifu wake wote. "Mimi sijui, baba," akasema. "Mabango hayana jina."

Ludmila angeweza kusema. Lakini mwanamke mwenye fahari hagombei heshima yake na mume aliyekwisha kuiuza. Akainuka, akaondoa sahani. Habari ikafika kanisani, na wiki nzima wanawake wa huko hawakuitikia salamu yake, na nyumbani alimwambia mumewe neno moja tu.

"Mimi nilivaa aproni, Otto. Wewe unajua."

Jumapili iliyofuata Otto akameza aibu yake, akaenda kuwangoja watu wa misa mlangoni pa sinema, chini ya bango lile. Kumbe filamu ilikuwa imebadilishwa, na filamu ikiondoka bango hubanduliwa. Kwenye fremu palikuwa na mwanajeshi juu ya farasi. Huyo naye alichorwa na Otto.

Watu wakaja, mkwewe mbele.

"Baba, lile bango nililichora mimi," Otto akasema, wote wakisikia. "Ludmila alisimama jikoni kwetu na nguo zake. Hata hili ni langu."

Mzee Vavra hata kigoda alikichomea jina lake kwa chini. Akaisogelea fremu, akainama, akachunguza pembe moja baada ya nyingine.

"Jina lako liko wapi?"

Mzee akamwekea mkono begani, machozi yanamlengalenga.

"Wewe ni mume mwema, mwanangu. Mwingine angemfukuza. Wewe unajipaka tope ili umsitiri."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Katika miaka yake yote ya kuchora, hiyo ndiyo sifa pekee Otto aliyopewa hadharani, naye akaipokea, uso umemshuka. Ludmila alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Akavuta mkono wa gauni mpaka ukafunika vidole, akatangulia nyumbani peke yake.