Kitanda cha Maganda ya Maharage

Kila mtu mwenye miguu miwili mizima anajua namna kilema anavyopaswa kulala. Nimesikiliza ushauri wao miaka mingi, na sijapata hata mmoja uliostahili mate niliyomeza nikikaa kimya.

Nyonga yangu ya kushoto iliganda nikiwa mtoto, huko Kivu Kusini, baada ya homa ambayo hakuna aliyejua jina lake. Tangu hapo mguu haukunjiki. Nikilala kwenye kitu kigumu, mfupa unaniwaka. Nikilala kwenye kitu kinachobonyea, kiuno kinazama na asubuhi natoka kitandani kwa kutambaa. Kwa hiyo nilipofika Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi, nilijitengenezea kitanda mwenyewe. Nilishona viroba viwili pamoja, nikavijaza maganda makavu ya maharage, nikaacha shimo la nyonga na kilima kidogo cha kuegemeza goti. Kila baada ya mavuno niliongeza kidogo hapa, nikapunguza pale. Ilinichukua misimu minne kukipatia. Kilinuka vumbi na kilipiga kelele nikijigeuza, lakini nililala.

Kisha kanisa letu likaanza wiki ya maombezi.

Sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na mama mkuu wa kamati ya maombezi, mwanamke mwenye sauti ya kuku aliyetaga. Alikuja kwangu mchana mweupe na wenzake watano, wote wamevaa vitenge vya sare. Waliimba, wakanimwagia mafuta kichwani, kisha wakanishika makwapani na kuninyanyua. Nilisimama, ndiyo. Hata gunia la mihogo husimama likishikwa na wanawake sita.

"Ameshimama!" akapaza sauti. "Mumuone, ameshimama! Mama, Bwana amekuponyesha. Hautalala tena pa ile kitanda ya bugonjwa!"

Kwao ni desturi: mtu akiombewa akapona, kitanda chake cha ugonjwa hutolewa nje kikachomwa, ili ugonjwa ukirudi usipate pa kukaa. Mara nyingi huwa ni mkeka uliokwisha, hakuna anayeulilia. Nilipiga kelele kwamba sijapona. Wakasema anayelia si mimi, ni shetani anafukuzwa. Maganda makavu ya maharage yanawaka vizuri mno. Misimu yangu minne ilikwisha kabla hata wimbo haujafika ubeti wa tatu.

Wakaniachia godoro jipya la sponji, zawadi ya kanisa, laini kama uji. Wiki ya pili nikatokwa na kidonda kwenye nyonga, nikaenda hospitali mjini Mbarara. Nilifikia kwa binamu yangu, mtaa wa Kakoba, naye hakukosa ushauri: nilale sakafuni, sakafu hunyoosha mifupa. Nilimdharau pia, ila kwa adabu, maana chakula kilikuwa chake. Hospitalini muuguzi alikitazama kidonda, akaguna.

"Mama, wewe nalala wapi?"

"Kwenye godoro la sponji."

"Nani naleta hiyo kitu kwa wewe?"

"Watu walioniponya."

Hakucheka. Alinisafisha kidonda, akaniambia nirudi kulala kama nilivyolala zamani. Ulikuwa ushauri wa kwanza wenye akili, na huo nilikuwa nao tayari.

Tatizo ni kwamba niliporudi maharage yalikuwa bado maua shambani. Nilikaa mlangoni nikalia. Mtu mzima, nalilia maganda.

Yalipokomaa, jirani yangu Mrundi, ambaye kamati yetu humhesabu kuwa amepotea kwa sababu ni Mkatoliki, alimaliza kupura yake akaja mwenyewe na maganda yote kwenye shuka. Hakuniombea. Tukakaa kushona viroba vipya, kila mmoja na sindano upande wake, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nizaliwe.

"Shimo tuliweke wapi, mama?"

Nikamwonyesha. Godoro la kanisa nililitandika kwenye banda la bata, nao wamelipenda.

Habari za shimo na bata zikafika kwenye kamati. Nilipoona vile vitenge vinakuja njiani, sikungoja. Nilipanda kitandani, nikaingiza nyonga mahali pake, nikajifunika hadi kidevuni. Wakanizunguka. Hawawezi kuchoma kitanda chenye mtu juu yake, ingawa nilimwona mama mkuu akilifikiria jambo hilo.

"Mama, amuka!" akaanza. "Kwa imani, amuka! Shuka pa hii kitanda!"

Na wengine wakaitikia kwa nguvu, mikono juu, sita wakimwomba Mungu aniinue. Maganda yakajipanga chini yangu, kiuno kikatulia, maumivu yakaniachia polepole. Sijui walimaliza saa ngapi. Nilikuwa nimelala usingizi.