Chuo Kilichopoteza Jina

Afisa utumishi alikirudisha cheti changu upande wangu wa meza. "Mhandisi, chuo hiki hakipo," akasema. "Tumekitafuta, hakuna."

Nilikuwa nimefanya kazi ya maji wilayani Ngara kwa zaidi ya miaka kumi ndipo ukaja uhakiki huo wa vyeti vya watumishi. Nilisoma Ufaransa kwa ufadhili, katika chuo cha wahandisi kilichoanza zamani kama shule ya mafundi wa viwanda vya nguo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na chuo kingine, cha mashine na umeme, na wanafunzi wa pande mbili tulidharauliana kweli kweli. Nikiwa mwaka wa mwisho ikaamuliwa viwe chuo kimoja, chenye jina jipya. Asubuhi moja mwalimu wetu wa mitambo ya maji, mzee aliyesomea hapo hapo, alituambia kibao cha getini kimeng'olewa. Akageuka kuandika hesabu ubaoni. Alikosea mara mbili, na hakuna aliyemsahihisha. Sisi tulikuwa wa mwisho kupewa vyeti vyenye jina la zamani.

Nilimweleza afisa yote hayo. Alinisikiliza kwa heshima, kwa kuwa nilimzidi umri. "Basi uandike historia hiyo, uambatanishe barua kutoka kwao," akasema. "Kwa sasa kaa nyumbani."

Nikarudi kijijini kwetu, Mabawe. Mama aliniuliza kama chuo kimekufa.

"Hakikufa, mama. Kimeungana na kingine, kikabadili jina."

"Kama kuolewa?"

"Kama kuolewa."

"Mbona mimi niliolewa, na kwetu bado wananijua?"

Nikachukua kalamu. Niliandika kurasa nne, nikazituma Ufaransa pamoja na picha ya cheti. Jibu la kompyuta likanishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikatuma tena. Miezi ikapita nikipalilia maharage, na kila aliyepita njiani aliniuliza nimestaafu lini.

Siku moja jirani yetu alikuja na ndoo tupu. Wazazi wake walitoka Burundi wakikimbia vita, naye alikulia hapa. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi. Nilijua shida ilikuwa kwenye koki ya juu, karibu na chanzo.

"Nimekatazwa kugusa," nikamwambia. "Karatasi zangu zina matatizo."

"Sisi tulipofika tuliulizwa karatasi pia," akasema. "Lakini maji ya kunywa hatukunyimwa."

Niliona aibu. Nikachukua spana, nikapanda naye mlimani. Kazi yenyewe haikufika nusu saa.

Mwishowe barua ikaja, kutoka kwa mama mmoja mtunza kumbukumbu wa chuo kipya. Aliandika kwamba alikuwa ameajiriwa katika chuo cha ng'ambo ya mto, na kwamba madaftari ya majina ya wanafunzi wa chuo chetu aliyakuta kwenye maboksi ghalani. Jina langu lilikuwemo. Chini aliongeza kwa mkono kwamba hata yeye bado hulitaja jina la zamani la chuo chake akipokea simu.

Afisa alisoma tafsiri ya barua, akagonga muhuri. "Pole kwa usumbufu, mhandisi. Jumatatu uripoti."

"Asante," nikasema. Nilitarajia kufurahi. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikatoa cheti kwenye bahasha, nikalisoma tena lile jina ambalo sasa limebaki kwenye maboksi ya ghalani.