Viatu Chini ya Mkungu wa Matoke

Enzi zetu sukari ilikuwa ukutani. Mliokulia Kampala miaka ile mtanielewa: maduka yalikuwa matupu na chai tuliinywa chungu, lakini kwenye ukuta mrefu karibu na Nakivubo gunia la sukari lilifurika, na Mkuu wa nchi alisimama kando yake, mrefu kuliko nyumba, kazungukwa na wananchi wenye mashavu. Mchoraji alikuwa baba yangu. Watu wa serikali walimtoa kwenye vibao vyake vya maduka, wakampa ngazi na rangi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Baba hakuweza kuchora uso asioujua, kwa hiyo taifa lile lote lenye furaha lilikuwa majirani zetu. Mama muuza mandazi akawa mkulima wa pamba. Mimi ndiye mtoto mwenye maua, nimenoneshwa hadi shangazi alinipita bila kunitambua. "Tulia," baba alikuwa akiniambia, "taifa halijikuni." Vijana wa leo wanadhani simu zao ndizo za kwanza kulainisha nyuso. Brashi ya baba ilinenepesha mtaa mzima na hakuna aliyekuwa amekula.

Aliyependeza kuliko wote alikuwa Mwalimu Juma, baba yake rafiki yangu Zaituni, kashika kitabu karibu na Mkuu. Tukitoka shule tulipitia pale, Zaituni akimwambia yule wa ukutani, "Asalaam aleikum, baba," tukicheka njia nzima.

Kisha watu wenye gari wakaja kwa Mwalimu Juma, wakapekua nyumba, wakamchukua pamoja na picha zake zote. Hakurudi. Siku chache baadaye askari akamfuata baba. "Mzee, ile mutu toa. Weka kitu ingine." Baba akapanda ngazi, akamfunika Mwalimu kwa mkungu wa matoke. Rangi ya kijani ikamwishia kabla hajafika chini, na askari alikuwa na haraka, kwa hiyo viatu vikabaki. Jioni, kwa woga, mama aliwasha makaa ya sigiri kwa michoro ya penseli ya Mwalimu, ile aliyoichora baba kabla ya kupanda ukutani.

Watoto wa mtaa waliyaita matoke ya viatu. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana ukuta niliuona wa kwetu. Zaituni hakucheka. Aliendelea kusimama mbele ya mkungu ule kila alasiri, akitoa salamu yake polepole. Aibu hiyo sijaizoea mpaka leo.

Sasa ukuta umepakwa rangi za kampuni ya simu, na vijana hupiga picha mbele yake wamebinua midomo. Nawacheka, kisha nawaonea wivu. Baba zao wamo mfukoni, wakila, wakisinzia, wakipiga miayo. Sisi picha kubwa tulikuwa nayo moja, nayo ilikuwa ya mtu mmoja.

Juzi nilikutana na Zaituni sokoni Ggaba, sote bibi sasa, tukichagua sato. Akaniuliza bila hasira, "Nyumba yenu ndio ilimuchora. Sura yake ilikuwa namna gani? Mimi imenipotea."

Nikajaribu. Mkuu nilimwona wazi, na nishani zake na meno yake. Mkungu niliuona ndizi kwa ndizi. Uso wa Mwalimu haukuja.

"Viatu vilikuwa vya kahawia," nikamwambia, macho kwenye samaki.

"Hivyo navijua," akasema. "Si ndivyo nilikuwa nasalimia?"