Siku Mkojo Wangu Uliponadiwa Kanisani

Leo nacheka, lakini kwa miezi miwili nilikuwa nikipita nyuma ya maduka ya Manyatta nisikutane na mtu yeyote wa kanisa letu, kwa sababu ni aibu, jamani, ni aibu mkojo wako kupigwa mnada mbele ya madhabahu, halafu anayeununua awe mama mkwe wako.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilitolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu, na aliyejua ni mke wangu peke yake (mimi ni mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya akiumwa sehemu hizo watu hawaachi kuuliza). Daktari akaniambia kuna protini fulani kwenye mkojo ambazo zikipimwa zinaweza kuonyesha kama ugonjwa unaelekea kurudi, kwa hiyo nipeleke mkojo wa kwanza wa Jumapili asubuhi, chupa niifunge kwa foili isipigwe na mwanga, ifike maabara kabla ya saa saba. Hiyo tu. Mtu mwenye akili angepanda boda akaenda moja kwa moja. Mimi nikaona nipitie kanisani niimbishe nyimbo mbili kwanza, na ili nisiulizwe maswali nikaitia chupa kwenye kikapu, barafu kidogo chini, mayai ya kienyeji juu.

Kumbe ilikuwa Jumapili ya mavuno (nilikuwa nimeitangaza mimi mwenyewe kwa kwaya wiki nzima, nikasahau). Nikiwa naimbisha, shemasi akaona mayai kando ya kiti changu, akabeba kikapu hadi mbele, na mchungaji akaviombea vitu vyote vizidi kuongezeka, mkojo wangu ukiwemo. Nani anarudisha sadaka yake mbele ya watu? Nikajiambia ukifika mnada nitainunua, basi.

Mnadi wetu, Mzee Okello, akauza mayai, kisha akainua chupa inayong'aa kwa foili.

"Hii ni asali, watu wangu. Mtu hafungi asali hivi kama si ile ya ukweli."

Nikataja bei haraka. Sauti ikanipita kutoka upande wa akina mama, nikageuka, nikaona ni maro wangu, yaani mama mkwe. Sasa kwetu Wajaluo mwanamume hata kula mbele ya maro wake anaona haya, sembuse kumpandia bei. Lakini saa sita ilikuwa imepita na protini zangu zilikuwa zinapata joto, nikapandisha, naye akapandisha, nikapandisha tena hadi mifuko ikabaki mitupu.

"Baba Achieng, achia mama," Mzee Okello akasema. "Kwani asali imeisha Kisumu?"

Watu wakacheka, akapiga meza, chupa ikawa ya maro. Na maro hakungoja kufika nyumbani. Akaanza kubandua foili huku akiuliza nani ana kijiko, nami nikashika maiki (sijui kwa nini maiki, labda ni mazoea ya kazi).

"Mama, usifungue. Huo ni mkojo wangu."

Spika mbili za nje zikaupa mtaa mzima habari hiyo.

Nikaeleza yote, saratani, kibofu, protini, mbele ya mwanamke ambaye sijawahi kumwambia hata kwamba tumbo linaniuma. Nililia, sitaficha, kwa sababu nilikuwa nimeogopa peke yangu mwaka mzima. Maro akaniangalia sana, kisha akairudishia foili polepole.

"Na hii kitu inatakiwa ifike saa ngapi?"

"Saa saba, mama."

"Sasa unangoja nini hapo na maiki?"

Tukachukua boda mbili, yeye mbele amekumbatia chupa, mimi nyuma yake nikimeza vumbi. Tulifika dakika chache kabla ya kufunga, na dada wa mapokezi akauliza sampuli ni ya nani.

"Yangu," maro akajibu. "Nimeinunua."

Majibu yalikuwa mazuri, kwa sasa, ila kipimo kinarudiwa kila miezi mitatu. Nimeapa sitaifunika tena chupa ile kwa mayai wala kuificha popote, na hata ningetaka nisingeweza, maana asubuhi ya kipimo maro anafika kabla jua halijachomoza, anakaa sebuleni na kikapu mapajani, na mimi niko bafuni nimekauka kabisa kwa sababu najua anasikiliza.